Pampu ya stelingi inayolia: anza na hewa

Gari likilalama kila linapokata kona, na asubuhi kukawa na doa la oili chini yake, gereji nyingi hutoa hukumu haraka: pampu ya stelingi imekufa, katafute nyingine. Kwa Honda CR-V ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, hukumu hiyo mara nyingi humwangukia asiye na kosa. Kinacholia ni pampu kweli, lakini kilichoharibika ni oringi ya mpira mahali bomba la kunyonya linapoingia kwenye pampu.

Ndani ya pampu mna rota yenye mapezi membamba ya chuma. Rota ikizunguka, mapezi huchomoza na kukwangua ukuta wa pete ya duaradufu, yakinyonya oili upande mmoja na kuisukuma upande wa pili. Usukani ukikatwa hadi mwisho, shinikizo la upande huo wa pili linaweza kupita baa 70. Upande wa kunyonya mambo ni kinyume: injini ikiwaka, shinikizo lake hushuka chini ya lile la hewa ya nje. Ukinyonya soda kwa mrija uliotoboka unavuta hewa, wala soda haimwagiki pale penye tundu. Oringi iliyokauka hufanya vivyo hivyo. Injini ikiwaka inaingiza hewa, injini ikizimwa inachuruza oili. Kelele na uvujaji, ambavyo fundi huvihesabu kama magonjwa mawili, vimetoka kwenye mwanya mmoja.

Hewa hiyo huonekana. Fungua kifuniko cha chupa ya oili mara baada ya kuzima injini: ukikuta povu, au oili iliyopauka kwa viputo vidogo, pampu inakunywa hewa mahali fulani. Usiichanganye sauti yake na ya belti. Belti iliyolegea hupiga yowe kali la ghafla unapokata usukani hadi mwisho. Pampu huguna mfululizo, na mguno hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta.

Kabla ya kushika spana, osha eneo lote kwa sabuni ya kuondoa grisi, likauke, kisha endesha gari kidogo. Oili hutiririka chini na kupeperushwa na upepo, kwa hiyo panapodondoka hapakwambii kitu. Mulika tochi utafute sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Ikiwa ni nyuma ya puli, sili ya shafti imechoka. Ikiwa ni kwenye kiungo cha mpira wa shinikizo, badilisha mpira huo mzima. Klipu ya kukaza kwa bisibisi haiwezi kuzuia baa 70. Ikiwa ni kwenye kiwiko cha bomba la kunyonya, una bahati.

Kwa kiwiko kazi ni fupi. Nyonya oili ya chupa kwa bomba kubwa la sindano, fungua bolti za kiwiko, kichomoe. Oringi ya zamani utaikuta imebapa na kuwa ngumu, jambo la kawaida kwa mpira uliopikwa na joto la injini zaidi ya miaka 20. Mpya iwe ya mpira unaostahimili oili, si ile ya mabomba ya maji, na ipakwe oili kabla ya kuingia. Silikoni ya gasketi isikaribie hapo: vipande vyake hung'oka na kuingia ndani ya pampu. Safisha chupa pia, na klipu ya mpira wake ikiwa haibani, itupe.

Hapa ndipo wanunuzi wa pampu za mtumba huko Gerezani, Dar es Salaam, hupata hasara wasiyoielewa. Fundi anapobadilisha pampu, kiwiko hubaki kwenye mpira wake, na oringi kuukuu huhamia nayo kwenye pampu "mpya". Mguno unaendelea, muuzaji analaumiwa kwamba kauza mzoga.

Sili ya shafti ni habari nyingine. Tikisa puli kwanza: ikicheza, beringi imeisha na sili mpya haitadumu. Shafti ikiwa imara, pampu inafunguliwa, na hapo usisahau kwamba ncha ya mviringo ya kila pezi hutazama nje, kwenye pete. Pete ikiwa na michirizi inayokwaruza ukucha, hapo sasa pampu imekufa kweli.

Kutoa hewa ndiko kunakoharakishwa kuliko vyote. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi huku ukiongeza oili. Ndipo uwashe na kurudia polepole, bila kuushikilia mwishoni. Vitabu vya Toyota vina kipimo ambacho ningekitumia kwa gari lolote: ukizima injini, oili ndani ya chupa isipande zaidi ya milimita 5. Ikizidi, bado kuna hewa.

Na oili yenyewe: Toyota nyingi za zamani hutumia ATF ya Dexron, ile nyekundu, na mafundi wetu wameizoea hadi kuitia kila gari. Honda huagiza oili yake maalumu ya stelingi na kukataza ATF, kwa kuwa inaweza kuharibu sili. Ukifungua chupa ya CR-V ukakuta wekundu, imwage yote kabla ya kuweka oringi mpya.