"Mimi" ndani ya "Sisi": Kuisoma upya Vocabulaire ya André Yav

Mwaka 1965 yalitolewa mjini Elisabethville, uitwao Lubumbashi tangu 1966, maandishi ya Kiswahili yenye jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Licha ya jina hilo, si msamiati bali ni historia ya mji, iliyotungwa na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyachapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Fabian aliyasoma hasa kama historia iliyoandikwa na watu wa chini. Twaona yafaa kuyasoma pia kama ushuhuda wa jinsi nafsi inavyoundwa na lugha.

Katika makala yake ya 1958, Émile Benveniste alieleza kwamba mtu huwa "mimi" kwa kumwambia mwenziwe "wewe". Hoja hiyo ni ya kweli, ila inanyamazia jambo moja: si wote wanaopewa nafasi sawa ya kusema "mimi". Katika nyumba ya bwana, mtu mzima mwenye wana aliitwa "boi", yaani mvulana. Kiswahili alichoambiwa humo kilikuwa hasa cha amri. Yeye alikuwa "wewe" asiyetazamiwa kujibu. Yav anaitwaa lugha hiyohiyo na kuifanya ya ushuhuda. Hasimulii maisha yake binafsi, kama alivyofanya Shaaban Robert katika Maisha Yangu, anawasemea wenzake. "Mimi" yake imepitia kwanza katika "sisi".

Wako watakaosema kwamba hicho ni Kiswahili kibovu, kwa kuwa maneno yanaunganishwa na kukatwa pasipo kanuni, na tahajia haitulii. Ni kweli kwamba Fabian alihitaji Kalundi Mango ayasome kwa sauti ili maana ijitokeze. Lakini jambo hilo lathibitisha nini? Lathibitisha kwamba maandishi hayo yalikuwa na msikilizaji wake: yaliyomtatiza mgeni yalimfungukia aliyeshiriki usemi ule. Kwa maneno mengine, "mimi" ya Yav ilikwisha kumchagua "wewe" wake. Anayeyasahihisha ili yalingane na Kiswahili sanifu atapata sarufi safi, lakini atakuwa amemfukuza yule aliyekuwa akiambiwa.

Tusieleweke vibaya. Kiswahili sanifu ni cha lazima chuoni, nacho hutuunganisha na wasomi wa Tanzania na Kenya. Tatizo ni desturi yetu ya kukifanya kipimo cha utu wa msemaji. Mwandishi wa mistari hii amefuta mara nyingi "batoto" katika kazi za wanafunzi, akaandika "watoto" kwa wino mwekundu. Jioni, afikapo nyumbani, huwaita wanawe "batoto", nao huitika.

Kwa hiyo twapendekeza Vocabulaire isomwe darasani kwa sauti kabla ya kuchambuliwa. Makosa yahesabiwe baadaye. Kwanza tusikie ni nani anayesema, na anamwambia nani.