Agustino na Mwanamuke Asiye na Jina

Kitabu cha Maungamo cha Mutakatifu Agustino ni kitabu cha Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika inchi inayoitwa leo Aljeria, akakiandika karibu na mwaka 400, alipokuwa askofu wa Hippo, muji wa pwani. Wanaseminari wanakisoma kwa kujifunza kuchunguza zamiri, na ni vema. Lakini tunakisoma namna gani? Kina sehemu 13. Wengi wanafika sehemu ya 9, pale Monika mama yake anapokufa Ostia mwaka 387, kisha wanafunga. Wanazani habari imekwisha: mukosefu ameongoka, mama amepata alichoomba, tumusifu Mungu.

Haijaisha. Katika sehemu ya 10 Agustino haandiki tena juu ya zambi za ujana. Anajiuliza: leo, mimi askofu, niko namna gani? Anapima ulaji wake, macho yake, masikio yake yanayopenda wimbo kuliko maneno yanayoimbwa, na hasa furaha anayopata watu wakimusifu. Hapo ndipo samani kubwa ya kitabu. Kujichunguza si kazi ya wanaoanza tu, ya kuachwa mutu akisha kupata daraja. Aliyepewa madaraka anaihitaji kuliko wote, sababu ni wachache watakaosubutu kumwambia kosa lake.

Hata hivi kitabu kina upungufu, na kuusema si kumuvunjia Mutakatifu heshima. Katika sehemu ya 2 anasimulia namna yeye na wenzake, alipokuwa na miaka 16, waliiba usiku matunda ya muti wa jirani, wakawatupia nguruwe. Juu ya matunda yale anaandika sura nyingi: kwa nini niliiba? nilipenda nini? Katika sehemu ya 6 anasimulia habari ya mwanamuke aliyeishi naye miaka mingi, aliyemuzalia mutoto Adeodatus. Mwanamuke yule aliondolewa kwake kwa sababu alizuia ndoa ya heshima iliyokuwa inatafutwa. Akarudi Afrika, akaweka naziri ya kutomujua mwanaume mwingine, akamwacha mutoto kwa baba yake. Habari hii yote ni mistari michache. Agustino anasema namna moyo wake mwenyewe ulivyoumia. Machozi ya yule mama hatuyaoni, na jina lake hatulijui hata leo.

Wengine watasema: alificha jina kwa kumuheshimu. Inawezekana. Lakini angeweza kuficha jina na kusimulia maumivu. Tena, karibu na mwaka 401, katika kitabu kidogo juu ya wema wa ndoa, anamuhukumu kwa ukali mwanaume anayekaa na mwanamuke mupaka apate mwingine wa cheo: anamwita muzinzi rohoni mwake. Mwanamuke anayebaki muaminifu, huyo anasita kumwita muzinzi. Zamiri yake, kama tunavyoona, ilirudi mulangoni pa yule mama. Lakini anasema juu ya mwanaume fulani, hasemi, ndimi.

Hapo tunapata fundisho ambalo kitabu chenyewe hakitupi waziwazi. Kuchunguza zamiri kuna maulizo mawili. La kwanza: nilifanya nini, na moyo wangu ulitaka nini? Kwa ulizo hili Agustino ni mwalimu asiye na mwenzake. La pili: nani alibeba muzigo wa nililofanya? Bila la pili, mutu anaweza kulia kila jioni, asikue katika mapendo hata kidogo.

Sisi watu wa Uvira, tunaokaa kati ya mulima na ziwa, tunajua maana yake. Mwezi wa Aprili 2020 muto Mulongwe ulifurika. Watu makumi walikufa, nyumba maelfu zikaharibika. Mvua ni ya Mungu. Lakini miti ya mulimani ilikatwa na watu kwa kupata makala na mashamba, na watu ndio waliouza viwanja kando ya mito. Mukataji akijichunguza atasema pengine: nilikuwa na tamaa, Bwana unisamehe. Muuzaji wa kiwanja kazalika. Wanasema kweli. Lakini tope haliko moyoni mwao. Liliingia katika nyumba ya mutu wa chini, ambaye hata jina lake hawalijui.

Kanisa limeona jambo hili tangu zamani. Katika sala ya maungamo ya Misa hatuungami kwa Mungu peke yake, tunaungama kwa wandugu pia. Na majuto hayatoshi katika kitubio: aliyeiba anapaswa kurudisha.

Basi, musomaji, usiache Maungamo. Kisome, tena usikifunge kabla ya sehemu ya 10. Lakini jioni, ukisha kuhesabu makosa yako, ongeza pale jina la mutu aliyeumia. Kama hulijui, kesho shuka ukaulize.