Kiwanda Kilichotangulia Samaki: Hisabu ya Wamagana

Katika mambo yote yaliyotendwa na serikali ili kuwafanya watu wa Nyeri kuwa wafugaji na walaji wa samaki, mengi yalikuwa ya busara na machache ya kuvumilika. Lakini uamuzi wa kujenga kiwanda cha kusindika samaki pale Wamagana, Tetu, kabla ya kujulikana kwa yakini ni kilo ngapi zitakazoingia mlangoni kila asubuhi, ulikuwa kosa dhahiri shahiri, na sioni haja ya kuificha hukumu hiyo hadi mwisho wa safu.

Yaliyotangulia msomaji ayajua. Mwaka 2009, katika mpango wa kuuchangamsha uchumi, yaliagizwa madimbwi 200 kwa kila jimbo la uchaguzi katika majimbo 140, kila dimbwi mita za mraba 300 na vifaranga 1,000 vya tilapia. Vijana walipata ujira wa kuchimba, na maafisa wa ugani walitembea vilima vyetu kwa uaminifu.

Kisha vikaja viwanda vinne, Nyeri (ndicho hiki cha Wamagana), Meru, Kakamega na Migori, na hapo ndipo tadbiri ilipopinduka. Tuchukue jimbo moja, tena tuwe wakarimu kupita kiasi: madimbwi yote 200 yamejaa, ni robo tu ya vifaranga iliyokufa au kuliwa na midiria, na wale 150,000 waliosalimika wamefikia gramu 200 kila mmoja katika mwaka mmoja. Hizo ni tani 30. Zigawe kwa siku 300 za kazi, nawe utapata kilo 100 kwa siku, mzigo ambao mama karanga wachache, wale wanawake wakaangao samaki, wa Gazi kule pwani wangeumaliza kabla ya adhuhuri bila ya jokofu wala mhandisi. Na kwa kuwa madimbwi yalitiwa vifaranga kwa msimu mmoja, yalielekea kuvunwa kwa msimu mmoja pia, hata kilo zenyewe zisingekuja mia kwa mia kila siku, bali gharika ya wiki chache ikifuatiwa na miezi ya ukame.

Fauka ya hayo, gramu 200 ni ukarimu wa karatasi. Tilapia ni samaki wa maji ya digrii 25 hadi 30. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na dimbwi lililotuama huamka mwezi wa Julai likiwa baridi hivi kwamba zile punje za chakula mfugaji anazozitupa huelea, hulowa, huvimba na kuzama, ilhali samaki wamejikunyata chini wala hawana habari nazo. Mwenziwe wa nyanda za joto akiwa tayari kwa sahani baada ya miezi sita au minane, huyu wetu bado ni wa kiganja. Mpango uliompa mfugaji wa Othaya dimbwi lile lile, samaki yule yule na idadi ile ile aliyopewa mfugaji wa Siaya ulipimwa kwa ramani ya wabunge, na mazoea haya ya kugawa maendeleo kwa majimbo nimeyalalamikia mara nyingi hata wahariri wangu wamechoka.

Tofauti na Tetu, aliyewahi kusimama asubuhi kwenye diko la Vanga, Gazi au Shimoni huko pwani anajua utaratibu wa biashara ya samaki ulivyo. Mashua huingia, kapu hupandishwa, mizani inaning'inia kwenye boriti, karani wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) huandika kilo, na mchuuzi aliyekuja na pikipiki huingiza kidole gumba chini ya shavu la samaki kuona kama matamvua yangali mekundu kabla hajatamka bei. Wakubwa huenda hotelini, wadogo huingia karaini kwa mama karanga, na wanaozidi katika kaskazi yenye neema hupasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa kuwa ng'onda. Wazee wa pwani waliendesha shughuli hii karne nyingi chini ya kivuli cha mti. Samaki alitangulia, mnunuzi akafuata, ndipo banda na barafu vikaja kwa sababu palikuwapo kitu cha kuvihitaji. Sisi tuliliona banda, tukadhani ndilo bandari, tukalijenga Tetu. Haikustaajabisha basi kiwanda kikafanya kazi chini ya uwezo wake.

Nao walioyajua maji ya milima yetu walikuwapo hata kabla ya mpango huu. Ewart Grogan, mlowezi wa zama za ukoloni, sina sababu ya kumpenda, kwani ndiye yule aliyewacharaza viboko hadharani watu wetu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Lakini insafu yataka nikiri kwamba mwaka 1905 alipoleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskochi, aliyapeleka mto Gura katika Nyandarua, maji ya baridi yaendayo mbio, kwa samaki apendaye baridi na mwendo. Mnamo 1948 pakaanzishwa kituo cha kutotolesha trauti Kiganjo, na katika mwaka huo huo kituo cha samaki wa maji ya joto kikawekwa Sagana, chini bondeni kwenye jua. Watu hao hawakuhitaji zaidi ya kipimajoto kuamua nani akae wapi. Miaka sitini baadaye, kipimajoto hicho kikasahauliwa drooni mwa ofisi fulani Nairobi.

Watetezi wa kiwanda husema soko liliharibiwa na samaki waliogandishwa kutoka Uchina. Ni kweli kwamba waliuzwa rahisi, na kelele za mwaka 2018 kuhusu samaki hao sote tulizisikia. Walakini mchuuzi wa Karatina huuza dagaa wa Ziwa Viktoria mwaka mzima, kwa sababu dagaa huja mara kwa mara, naye mteja ni nadra kurudi nyumbani na kikapu kitupu. Samaki wa kiganja anayeonekana mara moja kwa mwaka hawezi kushindana na yeyote, awe Mchina au Mjaluo.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti: kabla ya kununua jokofu jingine, ihesabu kilo zinazotoka katika madimbwi yetu wiki baada ya wiki kwa mwaka mzima, iwahesabu kando wafugaji wenye maji ya mto yanayofaa trauti, na hisabu hiyo ibandikwe ukutani pale Wamagana kila mlipa kodi aisome.