Kuzisoma Jeni kwa Makundi

Ukitoka Ongata Rongai kuelekea Tuala, utamwona mfugaji akimtambua ng'ombe mgonjwa kwa mbali: manyoya yamesimama, masikio yamelegea, hatua zinabaki nyuma ya wenzake. Ng'ombe hapa ni mali na heshima, na ugonjwa wake ni shauri la boma zima. Katika kaunti hiihii ya Kajiado, kule Nguruman, miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walibuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wa kunasa mbung'o, chambo chake kikiwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o hueneza vimelea vya nagana, na nagana humkausha ng'ombe damu. Ajabu ni kwamba ng'ombe wa aina ya N'Dama wa Afrika Magharibi huambukizwa vimelea vilevile na bado akahimili, ilhali Boran wetu hukonda na mara nyingi hufa asipotibiwa. Tofauti hiyo imo ndani ya mwili, na kuitafuta kulihitaji ufundi ninaotaka kuusifu: programu za kompyuta zinazochambua utendaji wa jeni kwa kufuata njia za kibiolojia, yaani makundi ya jeni zinazofanya kazi pamoja.

Chukua kipande cha ini la ng'ombe kabla ya ambukizo na kingine baadaye, kisha pima ni jeni zipi zimeongeza kazi na zipi zimepunguza. Unapata jedwali la maelfu ya mistari. Kishawishi cha kwanza ni kuichagua jeni iliyoruka juu kuliko zote, au ile unayoijua tayari, na kuijengea hadithi. Lakini kazi ya seli hufanywa kama harambee: kila jeni hutoa kidogo, na jumla ndiyo inayosimamisha jengo. Mwaka 2003 mtafiti Vamsi Mootha na wenzake walipima misuli ya wanaume 43, baadhi yao wakiwa na kisukari. Hakuna jeni moja iliyojitokeza kuwa na tofauti ya kuaminika. Walipozitazama kwa makundi, jeni za njia inayoipa seli nishati kwa kutumia oksijeni zilikuwa zimeshuka pamoja, kila moja kwa takribani asilimia 20 tu. Mbinu hiyo iliboreshwa mwaka 2005 na hadi leo inatumika duniani kote kwa jina la GSEA.

Kuna mbinu nyingine iliyo nyepesi zaidi, ambayo hesabu yake hata mwanafunzi wa sekondari ataifuata. Tuseme umepima jeni 12,000, na 600 kati yake zimebadilika, yaani asilimia 5. Njia fulani ina jeni 80. Kwa bahati tu ungetarajia jeni 4 za njia hiyo ziwe zimebadilika. Ukikuta 14, hapo pana jambo. Uungwana wa fundi huonekana kwenye ile 12,000: lazima iwe idadi ya jeni zilizopimwa kweli katika tishu hiyo, si jeni zote za ng'ombe. Akikosea hapo, ini litaonekana limejaa maajabu ambayo ni kazi yake ya kila siku. Tena, anayejaribu njia mia tatu lazima arekebishe hesabu, kwa maana chache zitang'aa kwa bahati tu.

Mwaka 2007 Paul Fisher wa Manchester, pamoja na Stephen Kemp wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, na wenzao, walitumia programu ya Taverna kuunganisha hatua zote za uchambuzi kama huu kwa panya walioambukizwa vimelea vya nagana: kutoka eneo la kromosomu hadi jeni, kutoka jeni hadi njia, bila mkono wa mtu kuruka hatua wala kupendelea jeni. Walifika kwenye jeni iitwayo Daxx, inayohusika na kufa kwa seli kwa mpangilio. Mlolongo huohuo ulitumiwa baadaye na watafiti wa minyoo ya panya, bila kufumuliwa. Mwaka 2011 timu ya ILRI na wenzao wa Uingereza ilichapisha matokeo ya N'Dama na Boran wenyewe, na humo jeni TICAM1 na ARHGAP15 zikatajwa kuwa miongoni mwa zinazoshukiwa.

Nawaheshimu zaidi wale wasioonekana. Minoru Kanehisa alianzisha KEGG, hazina ya michoro ya njia hizo, huko Kyoto mwaka 1995, na tangu hapo watu wameketi wakisoma makala, wakichora mshale mmoja baada ya mwingine: jeni hii huamsha ile, ile huzuia nyingine. Bila michoro yao programu zote ni bubu. Nasikitika kwamba tangu 2011 kuipakua hazina hiyo kwa jumla kunahitaji malipo. Hazina za Reactome na Gene Ontology zimebaki wazi kwa wote, na huo ndio mwendo unaotufaa.

Sehemu kubwa ya njia tunazomsomea ng'ombe imenakiliwa kutoka kwa binadamu na panya. Nawasihi vijana wetu wa vyuo vikuu waishike kazi hii. Programu za R na Bioconductor ni bure, na data nyingi za ng'ombe ziko wazi kwenye intaneti. Boran hawezi kuendelea kusomwa kwa ramani ya panya wakati wanaomfahamu wako Kajiado.