Tazama miguu

Asiyejua mchezo wa samasoti huangalia kichwa cha mrukaji. Anahesabu mizunguko, anapiga makofi, basi. Aliyekulia Susuni, huku Tarime, ana jicho jingine, kwa sababu ngoma ya Kikurya hutazamwa chini. Iritungu, ala yetu ya nyuzi, linanguruma, wachezaji wamevaa viatu vizito vya mbao, na wazee waliokaa pembeni wanasikiliza kama mbao zote zimegonga ardhi kwa mpigo mmoja. Ukiruka juu kuliko wenzako halafu ukachelewa kutua, umejiumbua.

Jicho hilo linafaa sana kwenye trampolini. Mrukaji yuko juu ya kitambaa kilichosukwa, katikati kimewekwa alama ya msalaba. Anaruka mara 10 mfululizo, kila mruko na mtindo wake, na mabingwa hufika karibu mita 8 kwenda juu. Waamuzi wanapima ugumu, unadhifu, muda aliokaa hewani, na umbali aliosogea kutoka kwenye msalaba. Hapo kwenye msalaba ndipo ufundi ulipo. Nyayo zikifika pamoja, kitambaa kinamrudisha juu wima. Mguu mmoja ukitangulia kidogo tu, kinamtupa pembeni, na mruko unaofuata, uliokuwa wa kutamba, unakuwa wa kujiokoa. Kosa la mruko wa tatu linalipwa kwenye wa nne na wa tano, watu wanaona.

Samasoti za mfululizo ni kali zaidi, kwa maoni yangu. Kwenye Michezo ya Dunia ya Birmingham, Marekani, mwaka 2022, zilipigwa juu ya njia yenye springi, urefu mita 25. Mchezaji anakimbia, anajigeuza kwa mikono, kisha kinyumenyume: mikono, miguu, mikono, miguu, mpaka vitendo 8 vitimie. Cha mwisho ndicho kikubwa, na nguvu yake imekusanywa kwenye vile saba. Hakuna pa kupumua. (Mchezo huu uliwahi kuwamo kwenye Olimpiki, mwaka 1932 huko Los Angeles, ukaondolewa.)

Sarakasi kwetu si ngeni. Miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walikwenda China kujifunza, na Bagamoyo wamefundishwa wengi baada yao. Mwaka 2024, Fadhili na Ibrahim, wanaojiita Ramadhani Brothers, walishinda shindano kubwa la vipaji kwenye televisheni ya Marekani. Lakini wao ni mabingwa wa kusimama kichwa kwa kichwa, mmoja juu ya mwenzake. Kurushwa na springi ni elimu nyingine.

Trampolini imo kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, na Tanzania haijawahi kupeleka mtu. Wenye shule na viwanja Tarime, nunueni moja, mtafute na mwalimu anayeijua. Miguu ya kutua tunayo.