Heko, Mama Mdogo wa Seoul

Ukiingia mkahawa wa nyama ya nguruwe jijini Seoul, jiko unalikuta katikati ya meza yako. Wateja humwita mhudumu "imo", yaani mama mdogo, naye jina hilo analistahili. Alinijia na koleo na mkasi; naam, mkasi! Aligeuza samgyeopsal, mnofu wa tumboni wenye matabaka ya nyama na mafuta, akaukatakata papo hapo juu ya jiko. Kisha akanifundisha: jani la saladi, nyama, kitunguu saumu, ssamjang kidogo (rojo ya soya na pilipili), kunja, tia lote mdomoni. Kimchi, kabichi iliyochachushwa, ilipoisha, aliongeza bure. Bakshishi si desturi yao, basi nalipa kwa maneno: heko, mama mdogo, hakuna kipande kilichoungua.