Mke Mwema Asomwaye Nusu

Katika arusi nyingi za Kikristo husomwa Mithali 31, kuanzia mstari wa 10. Mhubiri hukaza mstari wa 15, wa mwanamke aamkaye kungali usiku, kisha humgeukia bibi arusi na kumkabidhi orodha ya kazi. Kwa macho ya mwalimu, usomaji huo una kasoro.

Kwanza, haya ni mashairi ya sifa, si ratiba ya nyumbani. Katika Kiebrania mistari yake 22 huanza kwa herufi 22 za alfabeti, moja baada ya nyingine. Katika nyumba nyingi za Wayahudi huimbwa Ijumaa jioni kumsifu mke.

Pili, sura hiyo inafunguka kwa mafundisho ambayo mama alimpa mwanawe, mfalme Lemueli. Anayefundwa ni kijana wa kiume.

Tatu, mke huyo ananunua shamba (mstari wa 16), anauza nguo (wa 24), tena ana wajakazi wa kumsaidia.

Sibezi jiko wala malezi. Nyumba yenye kiasi, sala na ukarimu ni baraka kwa mtaa mzima. Lakini tusome hadi mwisho. Mstari wa 31 unatoa agizo, nalo halimhusu mke: wanaomzunguka wampe mapato ya mikono yake, na kazi zake zimsifu malangoni, mahali walipoketi wazee. Anayeishia mstari wa 15 amechukua jasho la mama na kuuacha ujira wake kitabuni.